Alikuwa raia na hatukujua: kisa cha kijana wetu kwenye ROTC

Kisa hiki nakiandika kwa ruhusa ya kijana mwenyewe na mama yake. Mji, chuo, miaka na majina nimevitoa, mengine yote yamebaki kama yalivyotokea. Mimi najitolea kwenye jumuiya ya watu wanaoongea Kiswahili hapa Marekani, wengi wetu tumepitia Kigoma, na kazi yangu kubwa ni kukaa na familia kujaza fomu. Nimeandika kwa sababu kila mwaka kuna kijana anakuja anasema anko nataka kuwa afisa jeshini huku nasoma chuo, yaani kupitia mpango unaoitwa ROTC, na kila mwaka kuna familia inakaribia kuangukia shimo lile lile tuliloangukia sisi.

Familia

Tumwite Amani. Wazazi wake ni Wabembe wa Fizi, Kivu Kusini, vita vikawatoa wakavuka Tanganyika mpaka Kigoma wakaishia Nyarugusu, na Amani kazaliwa hapo kambini. Baba alifariki mtoto akiwa mdogo. Walifika Marekani Amani ana miaka 12, mama na watoto wanne, yeye ndo mkubwa. Kama wakimbizi wengi karatasi zake zinasema kazaliwa tarehe 1 Januari. Mama anakumbuka ilikuwa masika, karibu na Pasaka, lakini aliyeandika kambini aliandika 1 Januari na imebaki hivo mpaka leo. Ishikeni hiyo tarehe maana kisa kizima kimekaa juu yake.

Baada ya mwaka mmoja wote waliomba grini kadi, kile kibali cha kuishi Marekani moja kwa moja, wakapata, na kwa mkimbizi tarehe ya grini kadi inarudishwa nyuma mpaka siku aliyoingia nchini, kwa hiyo ile miaka mitano ya kusubiri uraia inahesabiwa tangu uwanja wa ndege. Miaka mitano ilipotimia mama akaomba uraia, akafaulu mtihani, akaapa mwezi wa Novemba. Siku hiyo Amani kwa karatasi alikuwa na miaka 17 na miezi kumi.

Tulisherehekea sana, pilau ikapikwa, mama kakaa katikati na kibendera chake mkononi na cheti kwenye bahasha ya kaki. Na sisi wote tuliokuwa pale, mimi nikiwemo, tukasema Mungu asaidie sasa bado watoto.

ROTC ni kitu gani

Nyumbani tumezoea kwamba afisa anapikwa Monduli, unachukuliwa, unafungiwa ndani ukitoka umetoka na nyota begani. Huku kuna West Point ambayo inafanana na hiyo, ila maafisa wengi zaidi wa jeshi la nchi kavu hawatoki huko, wanatoka vyuo vya kawaida kupitia huu mpango wa ROTC ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1916. Mwanafunzi anasoma digrii yake kama wenzake, uhasibu, uuguzi, chochote, na pembeni anasoma uongozi wa kijeshi. Asubuhi saa kumi na mbili mazoezi ya mwili, mara moja kwa wiki wanavaa magwanda wanakwenda kwenye mafunzo ya vitendo, kila muhula kuna wikiendi moja ya kulala porini. Akimaliza digrii anakula kiapo siku hiyo hiyo au karibu na hapo, anakuwa luteni usu.

Miaka miwili ya kwanza inaitwa hatua ya msingi na mtu anaweza kushiriki hata bila kusaini chochote, hata mwenye grini kadi anaruhusiwa. Miaka miwili ya mwisho ni lazima usaini mkataba, na kusaini mkataba ni lazima uwe raia wa Marekani. Mwenye grini kadi anaweza kuwa askari wa kawaida, afisa hawezi. Hapo ndipo penye mlango na ufunguo wake.

Alivyoingia

Amani alianza chuo Agosti, ana miaka 18, anasoma uhasibu. ROTC alikutana nayo kwenye meza ya maonyesho wiki ya kwanza, akajiandikisha wiki hiyo hiyo bila kumwambia mtu nyumbani. Aliniambia baadaye ni vitu viwili vilimvuta, ada na ile hali ya kuona watu wa rika lake wanapewa kundi la watu tisa wanaambiwa hawa ni wako, waongoze. Alisema hajawahi kuona mtu wa umri wake anaaminiwa hivyo.

Kila ijumaa na wikiendi alikuwa anafanya shifti ya usiku ghala moja la mizigo, nyumbani wanamtegemea, na bibi yake bado yuko Nyarugusu, kila mwezi inatumwa hela kidogo. Baada ya mwezi mmoja akaongeza na usiku wa jumatano. Ina maana alhamisi anatoka ghalani saa kumi na moja na nusu alfajiri anakwenda moja kwa moja kwenye mazoezi, buti ziko kwenye gari, anakula ndizi njiani. Muhula wa kwanza akapata GPA, yaani wastani wa alama za masomo, 2.4, na skolashipu ya ROTC inataka isipungue 2.5.

Yule afisa mwalimu wao, kepteni, alimuita akamwambia kwa uwazi, una mwili wa hii kazi na wenzako wanakusikiliza, ila bila uraia siwezi kukuandikia mkataba, na maombi ya skolashipu ya miaka mitatu yanafungwa mwisho wa huu mwaka wa masomo. Ndo siku Amani aliponipigia simu.

Fomu

Tulikaa kwenye meza ya jikoni kwao, mimi, Amani na mama. Nilifanya hesabu ya haraka: kijana ana zaidi ya miaka mitano na grini kadi, ameshafika 18, basi ajaze fomu yake ya kuomba uraia. Tukaijaza usiku ule ule, wakalipa ada yote kwa hela ya ghalani.

Kulikuwa na ukurasa unaouliza habari za wazazi, kama mama ni raia na alipata uraia tarehe ngapi. Mama akaenda chumbani, akatoa ile bahasha ya kaki, akanisomea tarehe ya Novemba, mimi nikaiandika kwa mkono wangu. Tarehe ya kuzaliwa ya Amani iko ukurasa wa mbele wa fomu hiyo hiyo. Zile tarehe mbili zilikuwa mbele yangu sikuzilinganisha.

Tukangoja. Miezi ikapita, ule mwisho wa mwaka wa kwanza ukafika ukapita, skolashipu ya miaka mitatu ikaenda kwa wengine. Mwaka wa pili Amani akakopa kulipa ada.

Kipindi hicho mtu wa kuandikisha askari wa Walinzi wa Taifa (National Guard, jeshi ambalo wengi wanalitumikia kwa wikiendi) akamfuata pia, akamshauri aingie kwanza kama askari wa kawaida, kwa grini kadi inawezekana, halafu mambo ya uafisa yatafuata. Si ushauri mbaya, kuna vijana wanafanya hivyo, wanalipwa kwa zile wikiendi za mafunzo na baadaye wanaunganisha na ROTC. Kwa Amani tuliona asifanye, kwa sababu ya mafunzo ya ukuruta ya wiki kumi na yale ya fani yanayofuata, angeacha chuo muhula mzima au zaidi wakati GPA yake bado inachechemea. Alikubali, japo nilimuona roho inamuuma.

Siku ya usaili

Mwaka mzima baada ya kutuma fomu akaitwa usaili wa uraia. Nilimpeleka mwenyewe, nikakaa nje. Alitoka baada ya dakika ishirini hivi, uso haueleweki, nikadhani kafeli. Akaniambia, "Anko, yule mama amesema hawezi kunipa uraia kwa sababu tayari ninao."

Ofisa alichofanya ni kuweka tarehe mbili pamoja. Kuna sheria ya mwaka 2000 ya uraia wa watoto, inasema mtoto aliyezaliwa nje anakuwa raia wa Marekani hapo hapo, bila kuomba, mambo haya yakikutana yote kabla hajafika miaka 18: mzazi mmoja ni raia, mtoto ana grini kadi, na anaishi Marekani na mzazi huyo mwenye haki ya kumlea. Mama alivyoinua mkono wa kulia kuapa ile Novemba, Amani alikuwa kakaa kiti cha nyuma ya ukumbi na simu yake anapiga picha, akawa raia palepale. Alibakiza wiki kama sita kufika 18.

Kwa hiyo alipoingia ROTC siku ya kwanza alikuwa raia. Kepteni alipomwambia hawezi kusaini alikuwa raia. Alichokosa ni karatasi ya kuonyesha, na karatasi rahisi kuliko zote ni pasipoti. Kwa bei zilizoanza Aprili 2024 fomu ya kuomba uraia ukijaza mtandaoni ni dola 710, na fomu ya kuomba cheti cha uraia kwa mtoto wa namna ya Amani ni dola 1,335. Pasipoti ya mtu mzima ya mara ya kwanza ni dola 130 na 35 za kupokelea maombi. Ada aliyolipa kwenye ile fomu hairudishwi.

Nilimuomba radhi kwenye gari, na jioni nikamuomba radhi mama yake. Mama alinyamaza kidogo akasema, "Kaka, hata mimi nilikuwa na cheti ndani sikujua kina watu wawili." Nikamsahihisha, kina watu watano, maana wadogo zake watatu nao wote walikuwa chini ya 18 siku ile.

Pasipoti, mapafu na maswali

Maombi ya pasipoti tulipeleka na cheti cha uraia cha mama, grini kadi ya Amani, na ushahidi kwamba huyu ni mwanae na waliishi pamoja. Cheti cha kuzaliwa hana, ana tangazo la kizazi la zahanati ya kambini, limekunjwa mpaka mikunjo imekatika. Wakatuandikia wanataka ushahidi zaidi. Tukaongeza karatasi za safari za ukimbizi ambazo zimemuorodhesha kama mtoto wa huyo mama, na rekodi za shule zenye anwani ya nyumbani za miaka yote. Mama alitaka tutumie nafasi hiyo turekebishe tarehe ya kuzaliwa iwe ile ya Pasaka. Nikamuomba asifanye, tarehe moja ikibadilika kwenye karatasi moja halafu nyingine zote zikabaki na 1 Januari, kila ofisi itakayofuata itauliza wewe ni yupi kati ya hawa wawili. Pasipoti ikaja.

Halafu ikaja afya. Jeshi linapima kila anayetaka kusaini, na Amani alipokuwa na miaka 12 kipimo kilionyesha vijidudu vya kifua kikuu vimelala mwilini, akala dawa za miezi tisa, akasahau. Kwenye dodoso la jeshi alitaka kuandika hapana. Mama ndo aliyekumbuka, anakumbuka hata rangi ya vidonge. Kuwa na historia hiyo hakukufungii mlango kama una karatasi inayoonyesha dozi ulimaliza, ila kuficha kungeweza kumgharimu jina lake. Kliniki ya serikali ya mtaa ilikuwa bado na faili, wakampa barua.

Mwisho lile dodoso refu la usalama, linalotaka ndugu walio nje, hela unazotuma na unawatumia nani. Vijana wetu wengi wanaogopa hapa, wanaona wakiandika shangazi yuko Fizi na bibi yuko kambini wataonekana wana mashaka. Amani aliandika wote, kila jina, na kila kiasi. Aliitwa akaulizwa, akajibu vile vile alivyoandika, likapita.

Mama na magwanda

Hapa nirudi nyuma kidogo maana jambo hili lilitembea sambamba na mengine yote na kwangu mimi ndo lilikuwa zito zaidi.

Mama alijua habari za ROTC siku alipokuta magwanda kwenye mashine ya kufulia. Alinipigia usiku. "Kaka, mimi nilikimbia watu wenye hizo nguo. Huyu nilikuwa naye tumboni nikikimbia. Leo anazifua ndani ya nyumba yangu?" Sikuwa na jibu na sikujaribu kutengeneza. Wanaojua Fizi ya miaka ile wanajua alichokuwa anasema.

Amani mwenyewe alijaribu kumuelewesha kwa kumtajia Colin Powell, kwamba wazazi wake walitoka Jamaika, alipita ROTC hii hii pale City College ya New York, akaapishwa mwaka 1958, akafika kuwa jenerali na mkuu wa majeshi yote. Mama akamwambia simjui huyo mtu nakujua wewe.

Kilichosogeza mambo kilikuwa maharage. Kadeti wa mwaka wa tatu ni lazima ajue kutoa amri ya operesheni mbele ya wenzake, ina sehemu tano, hali, jukumu, utekelezaji, ugavi, uongozi na mawasiliano, na wakati wa kuitoa unatengeneza ramani ya chini kuonyesha nani yuko wapi. Amani Kiingereza anakijua ila mbele za watu lafudhi ilikuwa inamtia aibu, anaongea chini chini. Akawa anafanya mazoezi sebuleni, zulia ndo ardhi, kitenge kimekunjwa ndo kilima, maharage mekundu ndo askari wake na ya njano ndo adui, wadogo zake wamekaa mstari wanamsikiliza. Mama akatoka jikoni akasimama. Akauliza, haya matatu uliyoyaweka pembeni ni nini? Amani akamwambia hao ni raia, kijiji kiko hapa, lazima niseme kabla hatujaondoka kwamba upande huu hakuna mtu kupiga risasi. Mama akakaa chini. Akamwambia rudia hiyo sehemu. Akarudia. Akamwambia tena, na useme kwa sauti.

Hakusema nimekubali, ila siku ile aliacha kusema nimekataa.

Mkataba

Amani alisaini mwishoni mwa mwaka wa pili, akapata skolashipu ya miaka miwili iliyobaki. Kabla ya kusaini tulisoma mkataba mstari kwa mstari na hapa nashukuru tulijifunza kwenye kosa la kwanza. Skolashipu inalipa ada yote, dola 1,200 za vitabu kwa mwaka, na posho ya dola 420 kwa mwezi wakati wa masomo. Upande wa pili deni la utumishi ni miaka 8 jumla, kwa mwenye skolashipu kwa kawaida 4 ya jeshini muda wote na inayobaki kwenye jeshi la akiba. Na ukishasaini ukaacha au ukafukuzwa kwa uzembe, jeshi linaweza kudai hela zake zote au likakuita utumikie kama askari wa kawaida. Mama alitaka kifungu hicho atafsiriwe mara mbili.

Amani akaacha ghala wiki hiyo hiyo. Posho ya 420 haikufikia aliyokuwa anapata kule, hata nusu haikufika, hela ya bibi ikapungua na mama akaongeza shifti za jumamosi. Hili watu hawalisemi wanapohesabu skolashipu, kwamba familia nayo inalipia. Ila mwaka wa tatu GPA ikapanda mpaka 3.2.

Dira

Kitu alichokaribia kufeli jeshini hakikuwa mbio wala bunduki, kilikuwa kutembea na ramani. Wanakupa namba za alama zilizojificha porini, ramani, dira, na muda, unatafuta peke yako, mchana na usiku. Mtihani wa usiku wa chuoni alipata alama mbili kati ya tano. Alishangaa sana, maana Nyarugusu alikuwa anakwenda kuni mbali nje ya kambi tangu ana miaka saba, hajawahi kupotea.

Sajenti wao alimfuata nyuma usiku mmoja bila kuongea, mwisho akamwambia tatizo lako unajua kutembea. Alikuwa anaweka dira mara moja, halafu anaiweka mfukoni anafuata jicho, anakwepa miti kwa mazoea, anashuka bonde mahali pazuri pa kushukia kama anavyofanya mtu wa kuni, na kila ukwepaji unamsogeza mita kumi kushoto. Mchana jicho linarekebisha. Usiku kwenye taa nyekundu ya kichwani haliwezi. Akalazimika kujifunza upya kama mtoto: kuhesabu hatua za mguu wa kushoto, zake ni 64 kwa mita 100 kwenye tambarare, zaidi kwenye mlima, kila mita 100 anavuta shanga moja kwenye kamba iliyofungwa begani, na kila akikwepa mti anarudi kwenye mstari wake kabla ya kuendelea. Jumamosi sita mfululizo alikwenda msitu wa chuo peke yake na taa.

Kiangazi baada ya mwaka wa tatu makadeti wa nchi nzima wanapelekwa Fort Knox, Kentucky, zaidi ya mwezi mmoja, hapo ndo wanapimwa kweli kweli. Alirudi amekonda, kapita dira mara ya kwanza. Aliniambia usiku ule alisikia maji ya kijito upande wa kulia, mwili wote unamwambia alama iko huko, akatazama shanga akakuta bado mita 200 mbele. Akaenda mbele.

Ilivyoishia

Amehitimu uhasibu, akaapishwa luteni usu, amepangiwa ugavi, yuko kazini muda wote. Siku ya kiapo familia ndo inamvalisha cheo begani. Mama alikuja na kitenge cha bluu alichokishona kwa siku hiyo, mikono inamtetemeka mpaka pini ikamchoma Amani, akasema pole kwa Kibembe, ukumbi mzima kimya. Kuna desturi kwamba askari wa kwanza kumpigia saluti luteni mpya anapewa sarafu ya dola ya fedha, Amani alimchagua yule sajenti wa dira.

Nilivyokielewa hiki kisa

Kosa la uraia nalichukua mimi kwa sehemu kubwa. Nilikuwa nimezoea kwamba uraia ni kitu unachoomba, kwa hiyo kila tatizo la uraia kwangu jibu lilikuwa fomu. Kumbe kuna uraia unaokuja wenyewe kwa sheria na karatasi inafuata baadaye, hata miaka. Hasara yake ni mwaka mmoja wa skolashipu, mkopo ambao bado anaulipa, na mwaka mzima wa kijana kusimama pembeni anaangalia wenzake wanasaini. Kama ningeuliza swali moja tu mezani pale, mama aliapa lini na mtoto alikuwa na miaka mingapi siku hiyo, pasipoti ingekuwa mkononi kabla maombi ya skolashipu hayajafungwa.

Kusubiri badala ya kuingia Walinzi wa Taifa naona kulikuwa sawa kwake, ila nisiseme ni sawa kwa kila mtu. Mwenye gredi nzuri na asiyetegemewa nyumbani anaweza kufaidika sana na njia ile. Amani angeacha chuo muhula mmoja, na kwa mtoto wa kwanza wa familia kufika chuo, muhula mmoja unaweza kugeuka kuwa mwisho wa chuo.

Shifti za usiku tulichelewa kuzikata. Kila mtu aliona anasinzia, tukamsifia kwamba anajituma. GPA ya 2.4 haikutokana na uhasibu kuwa mgumu, ni usingizi, na kama uraia ungekuwa tayari mwaka ule angeweza kukosa skolashipu kwa hiyo 0.1 iliyopungua. Familia ilitakiwa ikae ipange hela ya bibi mapema na watu wengine wa ukoo walioko huku wachangie, jambo ambalo lilifanyika baadaye sana.

Kilichofanya kazi vizuri ni kuandika ukweli wote, mapafu, ndugu, hela za kutuma. Kila mahali tulipoogopa kwamba ukweli utamharibia, ulichelewesha wiki chache tu. Na mama kuachiwa muda wake. Kulikuwa na wazee kwenye jumuiya waliotaka tumkalishe kikao tumshawishi, nikakataa, na bado naamini nilikuwa sahihi, mtu aliyekimbia na mimba usiku hashawishiwi na kikao.

Kitu kimoja sijakimaliza moyoni. Amani yuko ugavi, mama anafarijika kwamba si mstari wa mbele, lakini afisa hachagui aendako na miaka ya utumishi ndo kwanza imeanza. Mama ananipigia kila anaposikia habari za vita kwenye redio, ananiuliza kama ni huko anakopelekwa. Namwambia hapana, sijasikia, halafu nampigia Amani ampigie.

Sasa hivi familia ikija kwangu siifungui kompyuta kwanza. Nachukua karatasi tupu naandika mistari miwili: tarehe mzazi aliyoapa, na tarehe za kuzaliwa za watoto wote zilizo kwenye karatasi. Katika miezi minane iliyopita nimepata watoto kumi na moja ambao tayari ni raia na nyumbani hakuna aliyejua. Wadogo zake Amani wote watatu wana pasipoti, yule wa pili ana miaka 17, juzi kaniuliza ile meza ya ROTC huwa inawekwa wiki gani.